Mafuta ya Wifi

Wa kwanza kukiona kiraka alikuwa mteja. Alikuwa amemaliza kusukwa, ameshika kioo cha mkononi, anajigeuzageuza mbele ya kioo kikubwa cha ukutani ili aone kisogo chake. Mkono ukamteleza, na kioo kikamwonyesha kisogo cha msusi badala ya chake.

"Dada Vidole," akasema, "mbona hapa nyuma pana uwazi?"

Msusi akacheka. Walimwita Vidole kwa jinsi alivyosuka. Usingeweza kuvifuata vidole vyake kwa macho, na wateja walisema ukisinzia kidogo kwenye kiti chake utaamka ukute kichwa kizima kimekwisha. Akapeleka mkono kisogoni, chini ya nywele alizozibana asubuhi, akagusa ngozi. Ngozi tupu, laini, ya mviringo kama kifuniko cha chupa.

"Nitakuwa nimezivuta sana nilipozibana," akasema. Mteja akakubali, au alijifanya kukubali.

Baada ya hapo kikaja kiraka cha pili, juu ya sikio, kisha cha tatu, na vyote vikaanza kutafutana kama matone ya mafuta juu ya supu mpaka vikaungana. Daktari wa ngozi alikuwa kijana mpole mwenye nywele zilizomwangukia usoni kila alipoinama kuandika, akawa anazisukuma nyuma kwa kalamu. Alimwambia kwamba mwili wake umezifanyia nywele uadui, kwamba hakukosea kitu na hawezi kumwambukiza mtu. Akampa krimu, akamdunga sindano za kichwani. Vidole alivumilia zote, na kichwa hakikujali.

"Na zisiporudi?" aliuliza mara ya mwisho.

"Utaishi bila nywele. Watu wanaishi."

Akazisukuma zake nyuma kwa kalamu. Vidole alitoka pale akiwa anamchukia, na njia nzima alijua kwamba hamchukii kwa maneno yake.

Zilizobaki alinyolewa na mume wake mchana mmoja, mapazia yamefungwa. Mume alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache, na alipomaliza akazima mashine akasema, "Una kichwa kizuri. Kimekaa sawa." Alikuwa anasema kweli na alisema kwa upendo, lakini Vidole hakumsemesha mpaka kesho yake. Tangu siku hiyo akamkataza kukigusa. Ndani ya nyumba alivaa kitambaa, kitandani alivaa kitambaa, akioga alifunga mlango kwa komeo.

Saluni ndiyo iliyokuwa mateso. Mwanzoni wateja walimwonea huruma, kisha wakaanza kupungua, maana nani atampelekea kichwa chake mtu aliyepoteza cha kwake? Na wale waliobaki walimwumiza zaidi ya walioondoka. Kutwa nzima vidole vyake vilikuwa ndani ya nywele za watu: nzito, laini, za kipilipili, zenye mvi, zilizokatikakatika kwa dawa lakini zipo. Alikuwa kama mtu mwenye njaa aliyeajiriwa kazi ya kupakulia wengine. Alimwonea wivu bibi kizee mwenye vinywele vinne vya pamba. Aliwaonea wivu watoto wa shule. Siku moja dada mmoja aliketi akapumua kwa nguvu, "Nywele zangu ni nyingi mpaka kichwa kinaniuma, yaani ni adhabu." Vidole akamfunga taulo shingoni na kuikaza zaidi ya inavyopasa.

Ndipo alipoanza mambo ya majani. Sokoni, nyuma ya wauza mboga, palikuwa na mama anayeuza mizizi, mbegu na majani yaliyofungwa vicha. Mama huyo hakumwahidi kitu. Alimfungia rosemari, uwatu, habasoda na kipande cha mshubiri, akamwonyesha mafuta ya mbarika yaliyo mazito kweli.

"Usiyachemshe kama unapika maharage," akamwambia. "Moto mdogo kabisa. Na ukae hapo hapo, usiende kufua." Kisha akaongeza kicha cha mchaichai. "Hii ya kunywa. Ya kichwa ni hizo nyingine, hii ni ya mwenye kichwa."

Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua saluni, Vidole alikaa kwenye kigoda jikoni akilinda moto. Majani yalitoa harufu taratibu, mbegu za uwatu zikavimba, na yeye akanywa mchaichai akiwa hana la kufanya ila kukoroga. Ilikuwa saa pekee ya wiki ambayo kifua chake hakikumbana. Hata usingizi, uliokuwa umempotea tangu kiraka cha kwanza, ulianza kurudi. Lakini hayo hakuyatia maanani. Yeye alikuwa anataka nywele. Alijipaka, akasugua, akasubiri, akapapasa. Kichwa kilikuwa laini kama yai, sasa yai linalonukia vizuri.

Wifi yake alikuja katika kipindi hicho. Alikuwa mdogo wa mwisho wa mume wake, anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate, na miezi michache nyuma alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Huyu wifi, tangu usichana wake, ndiye aliyekuwa mwenye nywele katika ukoo ule. Watu walikuwa wakimtambulisha hivyo: yule mwenye nywele. Sasa aliingia saluni na mtoto mgongoni na kitambaa kichwani, akakivua bila kusema kitu. Paji la uso lilikuwa limepanda juu, na pembeni pote pamekwanguka.

"Zinatoka kwa mafungu, wifi," akasema. "Nikichana, kitana kinajaa."

Vidole akasema pole. Akasema pole tena. Na ndani yake akafurahi. Ilikuwa furaha ndogo, chafu, anayoipata mtu aliyekwama kwenye tope akimwona mwenzake naye anatumbukia. Kwa ajili ya furaha hiyo, zaidi ya huruma, akamwambia, "Njoo kila Jumamosi. Nina mafuta. Tutapaka wote."

Wifi akawa anakuja. Mtoto alilazwa kwenye benchi la wateja, wifi akaketi, akafumba macho, na Vidole akampaka mafuta ya vuguvugu akimkanda utosi, kisogo, nyuma ya masikio. Mara nyingine machozi yalimtoka wifi huku macho yamefumbwa. Vidole aliyaona kwenye kioo, akajua ni machozi ya nywele, maana ya kwake yalikuwa hivyo hivyo, akaendelea kukanda.

Kisha Jumamosi moja vidole vyake vikasimama. Pembeni ya paji la uso vilikuwa vimegusa kitu. Akasogeza kichwa cha wifi kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vinywele vipya, vifupi, vyeusi, vimesimama kama majani baada ya mvua.

"Zinaota," akasema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu wa chumba kingine.

Mteja aliyekuwa chini ya kikaushio akatoka na rola zake kuja kutazama. Mwingine akapiga kigelegele. Haikuchukua muda mtaa mzima ukawa na habari, na wateja waliokimbia wakarudi na mashoga zao, kila mmoja anataka kichupa cha mafuta ya Vidole. Saluni ikajaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za mlangoni. "Kinyozi hajinyoi!" walimtania wakitazama kitambaa chake, na yeye alicheka nao, kisha akaenda chooni akauma taulo.

Maana sasa ilikuwa mbaya zaidi. Zamani aliwaonea wivu watu kwa walichozaliwa nacho. Sasa alimwonea wivu mtu mmoja, kwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikipika, akakichuja, akakitia kwenye chupa, akampaka kwa mikono yake. Kila Jumamosi alizikuta zimeongezeka. Alizipima kwa ncha za vidole bila kutaka, halafu jioni alijipapasa, na hakuna.

Jumapili moja familia ilikutana kwa mama mkwe kwa chakula cha mchana. Baada ya kula, mama mkwe akamkalisha binti yake sakafuni katikati ya magoti yake, akaanza kuzichambua zile nywele mpya kama anayechagua mchele.

"Zimerudi nyumbani," akasema kwa furaha. "Nywele zetu haziendi mbali."

Zetu. Vidole alikuwa anakusanya sahani. Mama mkwe, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, akainuka, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cha kichwa, kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

"Na wewe mwanangu nimekuletea hiki. Rangi yake itakupendeza."

"Ahsante, mama." Akakipokea kwa mikono miwili. Mume wake akamtazama, kisha akatazama meza.

Jikoni wifi akamfuata, akamshika bega kwa nyuma. "Wifi, umeniponya, unajua? Sijui ningekuwa wapi."

"Kila mtu na bahati yake," Vidole akajibu, akaisugua sahani moja kana kwamba imemkosea.

Wiki ile, alipokuwa akijaza vichupa, alifikia cha wifi. Alikifunga uzi shingoni siku zote ili kisichanganyike na vya wateja. Alikijaza, akakitazama, akayamimina yale mafuta yote kurudi kwenye sufuria. Akachukua mafuta ya kupikia pembeni ya jiko, akajaza hayo, na ndani akatumbukiza kijiti cha rosemari ili kionekane. Hakujiambia neno. Mkono ulifanya, moyo ulitazama pembeni. Yale ya wifi alijipaka mwenyewe, juu ya fungu lake la kawaida, mpaka kitambaa kikalowa.

Jumamosi zilizofuata alipaka kichwa cha wifi kutoka chupa ya saluni, mbele za watu, haraka haraka, na kile kichupa cha uzi akampa akatumie siku za katikati ya wiki. Kisha hata Jumamosi akaanza kumfupishia, akasema ana wateja wengi, akasema mgongo unamuuma, akamwambia, "Jipake tu nyumbani, wifi, ni yale yale." Na akawa anasubiri. Alisubiri kama mkulima, ila yeye alisubiri zinyauke.

Hazikunyauka. Wifi alikuja kuchukua chupa nyingine, naye akapewa ya kupikia tena, na zile nywele zikafika mahali pa kushikwa na kibanio. Vidole hakuelewa. Alikuwa anakosa hata nafasi ya kuona haya, maana hasira ilikuwa imejaa kila mahali. Hata nikimpa maji ya kuoshea vyombo, aliwaza, zitaota. Akila alihisi donge. Akisikia mtu anasifu nywele za mtu, alijikuta anabana meno.

Siku iliyopasua jipu ilikuwa ya mvua, saluni tupu, maji yanapiga bati kwa kishindo. Wifi aliingia amelowa, akamlaza mtoto kwenye benchi, akavua kofia ya mfuko wa plastiki aliyojikinga nayo.

"Leo nisuke," akasema. "Sasa zinasukika."

Vidole akaanza. Alipofika nusu ya kichwa, wifi akasema, "Unaniumiza, wifi."

"Samahani."

Akasuka mistari miwili mingine. Wifi akashika mkono wake juu ya kichwa, akauzuia.

"Unaniumiza kusudi."

Vidole aliangalia ule mkono. Angeweza kukana. Badala yake akaweka kitana juu ya meza.

"Ndiyo," akasema. "Nakuonea wivu. Nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti. Na yale mafuta, wifi, sikukupa mafuta. Nilikupa ya kupikia. Mara mbili."

Wifi akageuka kwenye kiti. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu imesimama juu kama imeshtuka.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Wifi, mimi nashinda kwenye oveni. Nipake mabati ya mikate kutwa nzima, halafu nisiyajue mafuta ya kupikia? Nilipofungua tu kile kichupa nikajua."

"Na ukayapaka?"

"Niyapake nini! Nilikaangia mayai."

Mvua ikazidi.

"Yalikuwa matamu," wifi akaongeza. "Majani yako yaliingia vizuri."

Kitu kikamtoka Vidole ambacho kilianza kama kicheko, kikaharibika njiani. Akakaa kwenye kigoda cha kuoshea miguu, akalia kwa sauti, naye hakuwa amelia kwa sauti tangu mambo yaanze. Mtoto akaamka, akamtazama, akarudi kulala.

"Kwa nini hukusema?" akauliza alipoweza.

"Ningesema, ungenifungia mlango. Mimi sikuwa nakuja kwa ajili ya chupa." Wifi akaanza kuvuta uzi wa sketi yake. "Nilipojifungua nilikuwa mtu mwingine. Nalia kazini, nalia nyumbani. Nilikuwa naogopa kubaki na mtoto peke yangu. Mama ningemwambia nini? Angesema yeye alizaa wanne bila maneno. Basi Jumamosi nakuja hapa, unanishika kichwa, ile harufu inapanda, hakuna anayeniuliza kitu. Nikitoka naona wiki nyingine naiweza."

"Mimi nilidhani unalilia nywele."

"Nywele? Nesi wa kliniki aliniambia mapema tu, nywele za uzazi zikitoka huwa zinarudi zenyewe."

Hapo Vidole akainua uso. "Ulijua zitarudi. Ukaniacha nakaa hapa naamini ni mafuta yangu. Ukaniacha najimwagia sufuria nzima."

Wifi akauachia uzi wa sketi. "Ndiyo. Hilo ni kosa langu. Ulikuwa na furaha kunitengenezea, nikaona nikikwambia nitakunyang'anya. Halafu watu wakaanza kuja, nikaona ndiyo basi, imekusaidia."

Vidole alikuwa bado ana hasira, na wivu ulikuwa pale pale, lakini donge lilikuwa limeshuka, kama mfupa uliokaa kooni muda mrefu.

"Wewe nani anakupaka?" wifi akauliza.

"Najipaka mwenyewe."

"Kaka je?"

"Nimemkataza."

Wifi akasimama, akapiga kiti kofi. "Kaa."

"Wewe mwenyewe uko nusu."

"Nusu itasubiri. Kaa, wifi."

Akakaa. Hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti kile; alikuwa akikifuta vumbi tu. Alikifungua kitambaa mwenyewe, polepole, akafumba macho asijione kwenye kioo. Wifi akayapasha mafuta kwenye bakuli la maji ya moto, akayamimina kiganjani, akaanza. Alikuwa na mikono mizito, anasukuma kwa uzito wa mabega.

"Usikande hivyo, kichwa si mkate!"

"Nyamaza. Ndivyo ninavyojua."

Mafuta yalikuwa ya moto kidogo, yakateremka nyuma ya shingo. Harufu ilikuwa ile ile aliyoipika Jumamosi zote, lakini alikuwa hajawahi kuipokea bila kudai chochote. Akagundua kwamba alikuwa amesahau jinsi ilivyo mtu mwingine kukugusa kichwa. Akaacha shingo ilegee. Mvua ilipokwisha walikuwa bado hivyo, mmoja ana nusu ya kichwa, mwingine hana hata unywele.

Wiki hiyo hiyo akaanza kuwaambia wateja. "Haya hayaoteshi nywele. Yanalainisha ngozi, yanatuliza kichwa, basi." Baadhi waliondoka. Mmoja alimwambia usoni kwamba ameona mafuta yanawasaidia watu, sasa anayafanyia choyo. Wengine walisema hawajali, wao wanapenda kukandwa, akawawekea asubuhi za Jumamosi kwa kazi hiyo, na bakuli, na chai ya mchaichai kwa anayetaka. Saluni haikujaa tena mpaka ngazini, ila haikuwa tupu.

Nyumbani alimwondolea mume wake lile katazo. Mume alipaka mafuta kwa uangalifu mkubwa, akigusa na kusikiliza, kama anayetafuta friji linavuja gesi wapi. Ikawa mazoea yao. Nyuma ya sikio la kushoto zikaota nywele kidogo, nyeupe, kama manyoya ya kifaranga; zikakaa wakati wa kutosha kumtia tamaa, zikaondoka. Siku hiyo hakufungua saluni. Kesho yake alifungua. Na kitambaa alikivua kazini siku ya joto kali, si kwa ushujaa bali kwa sababu jasho lilikuwa linamwingia machoni, na akasahau kukirudisha.

Wivu haukuhama. Ulikuja siku ulipotaka, ukaketi, na yeye akajifunza kuupikia chai na kuendelea na kazi.

Asubuhi moja aliingia mwanamke ambaye hakuwa amewahi kumwona, amezifunga nywele kwa leso. Alipoifungua, zikamwagika mpaka kiunoni, nzito, zinang'aa. Hata wateja wengine walinyamaza.

"Zikate zote," mwanamke akasema. "Ziwe fupi kabisa. Nimechoka kuzibeba."

Vidole akachukua mkasi. Akazishika zile nywele kwa mkono mmoja, na uzito wake ukampanda mpaka begani. Donge likaja, lile lile. Akasimama nalo.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Mbona umesimama?"

"Subiri kidogo nikuonee wivu," Vidole akasema. "Nikimaliza nitakata."

Mwanamke akamtazama kwenye kioo, akatazama kile kichwa kitupu kinachong'aa mafuta juu ya chake, akaanza kucheka, na Vidole naye akacheka. Alibaki ameshika hivyo mpaka mkono ulipoacha kubana. Kisha akazigawa katikati, akazilaza juu ya taulo, akafungua mkasi.

"Pembeni nianzie hapa," akauliza, "au juu zaidi?"